Maneno ya Jaji Aliyeshindwa

Wakili wa mfungwa anajua kusema, hilo simnyimi. Siku ya kesi alisimama akasoma aya nzima ya hukumu ya ng'ambo, kwamba mtoto asitenganishwe na mama yake kwa sababu tu mama amefungwa. Ukumbi mzima ukatulia. Mteja wake alikuwa benchi la mbele, amempakata binti yake aliyezaliwa gerezani. Sheria inasema mtoto akitimiza miaka minne anatolewa, na huyu alikuwa anakaribia kuitimiza, wala hakuwa na ndugu wa kumpokea. Kilichomngoja ni kituo cha watoto.

Mimi ni msaidizi wa jaji; kazi yangu ni kuhakiki kila nukuu anayoletewa. Niliifungua hukumu ile. Aya ilikuwa ya kweli, ila iliandikwa na jaji mmoja aliyewapinga wenzake. Wenzake ndio walioshinda, na mtoto wa kule alitolewa. Wakili huyu aliinakili kutoka kitabu cha mtu bila kufungua hukumu yenyewe, uvivu wa mawakili wa siku zote. Nilimkasirikia hadi chai ikanishinda.

Nikampelekea jaji hukumu hiyo, mama wa makamo tunayemwita Bibi Kalamu kwa kufuta kwake rasimu zetu kusikoisha.

"Mama, hii imekufa. Tukiitumia na wakili wa serikali akagundua, tumeumbuka."

"Imekufa kule," alisema bila kuinua uso. "Wale wengi walikataa kwa nini?"

"Wanasema katiba yao haimtaji mtoto popote."

"Na yetu?"

Yetu ina ibara nzima ya watoto, naijua kwa kichwa. Hasira zilikuwa zimenifumba macho.

"Basi vuta kiti tuandike, mwanangu. Na tuseme wazi maneno ni ya nani."

Siku ya hukumu akasoma bila kuficha: aya ile ni ya jaji aliyeshindwa, haitufungi, na hukumu ya walioshinda pia haitufungi, lakini kwa katiba yetu, aliyeshindwa ndiye aliyeona sawa. Mtoto abaki na mama yake. Wakili akainamisha kichwa, sijui kwa furaha au kwa aibu. Nilitamani iwe aibu.

Mfungwa hakuambulia kitu katika habari za ng'ambo. Alimgeukia askari magereza, mtoto amemlalia begani.

"Kwa hiyo, dada, leo analala wapi?"

"Kwako," askari akasema, akambebea mfuko wa nguo za mtoto, ule waliokuwa wameshaufunga asubuhi kwa safari ya kituoni.