Kopo Linalohama

Jumatatu asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye ukuta wa uani, Bibi Dobi alisikia viatu vya binti yake vikigonga saruji. Hakuhitaji kuchungulia. Mtoto uliyemzaa mwenyewe unamjua hata kwa kikohozi chake, sembuse viatu. Akaweka chini kikombe cha chai, akafungua mlango, na kama kawaida akawakuta wawili katika mwili mmoja: binti amesimama, na mjukuu amepachikwa kiunoni, miguu inaning'inia kama soksi zilizoanikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kifurushi changu kimefika?"

"Mama, usimwite hivyo bwana."

"Sasa nimwite nini, na kila nikimwona amefungwa?"

Na kweli mtoto alikuwa amefungwa. Kofia ya sufu, sweta, na sweta nyingine juu ya ile sweta. Alikuwa na miaka minne, anaingia wa tano, macho makubwa, mdomo haufunguki ovyo. Binti akamkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akamvuta soksi zikafika magotini, kisha akamgeukia mama yake.

Yeye alikuwa karani katika ofisi ya maji, na wiki ile makarani wote walikuwa wamepangiwa mafunzo. Mwanamke aliyekuwa akimlea mtoto alikuwa ameacha kazi na kurudi kwao.

"Mama, tuijaribu wiki hii. Ikienda vizuri, nitakuwa namleta kwako kila siku, sitatafuta mtu mwingine. Lakini nisikilize. Asikimbie. Asichezee maji. Asikae sakafuni. Na hao mapacha wa chumba cha pili, wasimsogelee, wale ni ng'ombe."

"Wana miaka sita, mwanangu. Ng'ombe gani wa miaka sita?"

"Sifanyi mzaha. Akianguka, akipata hata mchubuko, basi. Nitamtafutia mtu, na wewe utakuwa unamwona kwenye sikukuu."

Bibi Dobi alijua maneno yale yanatoka wapi. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mpaka kikombe cha chai kingemtosha kuwa kofia, akalazwa kwenye kile kisanduku cha joto hospitalini, na mama yake akakaa nje ya kioo akihesabu pumzi zake. Mtoto alitoka kwenye kisanduku. Mama bado hajatoka. Mwaka jana daktari alisema mbele yao wote watatu kwamba kifua kimekomaa, mwacheni acheze. Binti aliitikia vizuri sana, akamshukuru daktari, halafu akambeba mtoto mpaka nyumbani.

"Nimekusikia," alisema Bibi Dobi.

Binti alipoondoka, bibi alimshusha mjukuu kitandani akamsimamisha uani, penye jua. Akaingia kuchukua beseni. Aliporudi alimkuta palepale, kama ndoo iliyotuliwa. Hakusogea hata kidole. Mchana alikula vijiko viwili vya uji akageuza uso ukutani. Alipolazwa, alijigeuzageuza na kutazama dari. Bibi akajisemea moyoni, huyu atasinziaje, na mwili haujafanya kazi yoyote?

Ua ulikuwa uleule. Vyumba vinne vinatazamana, bomba katikati, na kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta. Bibi Dobi alifua pale tangu nywele zake nyeusi. Zamani zile alikuwa akipewa mashuka ya nyumba ya wageni ya barabara kubwa, marobota kwa marobota. Alikuwa akiyaloweka, akiyasugua kwa sabuni ya mche, akiyasuuza kwa maji yenye buluu kidogo ya kuyang'arisha, akiyaanika. Ikifika saa nne ua mzima ni mweupe, huoni ukuta, huoni mlango, na harufu ya sabuni na jua inakuingia mpaka kwenye mifupa. Mpaka leo akisikia harufu ile husimama kidogo, kama mtu aliyeitwa.

Watoto wake walikulia humohumo, ndani ya mashuka. Aliwawekea sheria moja tu: kimbieni mtakavyo, lakini shuka likiguswa, aliyeligusa analisuuza upya. Basi walijifunza kuinama mbio, kukata kona, kubana pumzi kupita katikati ya mashuka mawili yanayopepea. Ungesikia miguu tu, puta puta puta, na vicheko, halafu kilio: "Ameligusa! Nimeona, ameligusa!" Magoti yao hayakukosa makovu. Chakula ukikiweka hukioni tena. Jioni walilala walipoangukia, mmoja mlangoni, mmoja juu ya robota, na yeye akiwaokota mmoja mmoja.

Na aliyekuwa bingwa wao, aliyeitwa Upepo na ua mzima, asiyegusa shuka hata siku ya dhoruba, alikuwa ni huyuhuyu anayevuta soksi za mtoto mpaka magotini.

Jumanne Bibi Dobi alifua nguo zake mwenyewe, zile chache. Hakumwambia mtoto cheza. Mtoto akiambiwa cheza huganda. Alimwambia tu, "Mama, nipe kibanio," akamwonyesha kopo la vibanio lililokuwa karibu na miguu yake. Kifurushi akainama taratibu, akachukua kimoja, akampa. "Kingine." Akainama. Mpaka nguo zikaisha alikuwa ameshainama mara nyingi, na sweta ya juu bibi akaitundika kwenye kamba, eti jasho lisiiharibu.

Siku ileile jioni, kulikuwa na vitambaa vya mezani vya kuanika. Kopo halikuwa pale. Lilikuwa hatua chache, penye bomba.

Jumatano likawa mlangoni kwa Mama Pacha, chumba cha pili.

"Bibi, mbona kopo linahama?"

Bibi Dobi karibu adondoshe gauni alilokuwa akilianika. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kutoka kwa mjukuu wake.

"Lina miguu, mama. Wewe huna?"

Mtoto akatazama chini. "Ninayo."

"Haya, basi lifuate, lisije likatoka nje ya geti."

Mama Pacha alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Akacheka mpaka sinia likatikisika. "Bibi, wewe una vituko. Nguo tatu, mtoto atembee uwanja mzima. Kwa nini usivibanie nguoni vibanio vyako?"

"Umri, mwanangu. Nasahau."

"Unasahau! Juzi ulinikumbusha deni la chumvi la mwaka juzi."

Lakini Jumatano ileile, alasiri, mtoto alikohoa. Alikohoa mara moja, akakohoa tena, na mzaha wote ukamwisha Bibi Dobi. Akamkalisha mapajani, akamvua sweta iliyobaki, akamwekea sikio mgongoni. Moyo wa mtoto ulikwenda haraka. Wa kwake ulikwenda haraka zaidi, hata asijue anasikiliza upi. Akajiona mpumbavu, mwanamke mzima anayecheza na roho ya mtoto wa mwenzie kwa ajili ya vibanio. Vipi kama daktari alikosea? Vipi kama mama mtu ndiye anayejua? Akakaa hivyo hivyo mpaka kivuli kikatoka upande mmoja wa ua kikaenda upande mwingine.

"Bibi, sikio lako lina baridi," mtoto akasema. Kisha, "Nimemeza vumbi. Lile la mchele."

Akashuka mapajani mwenyewe, akaenda bombani, akaomba maji. Akanywa kikombe kizima. Kisha akaomba uji.

Simu ya binti ilikuja jioni.

"Amekula?"

"Amekula, akaomba tena."

"Ameomba mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Anashinda wapi?"

"Hapa hapa na mimi, nikifua." Haukuwa uongo. Lakini alipokata simu, Bibi Dobi alijua si kweli yote, na kuwa lazima aiseme nzima kabla wiki haijaisha. Akajikaza kisabuni, akasema ataisema Ijumaa jioni, uso kwa uso.

Alhamisi kopo lilikuwa mwisho kabisa wa ua, na Kifurushi hakuwa anatembea tena. Bibi aliyaona mabega kwanza, yakiinamia mbele, halafu miguu ikayafuata, mbio za kuyumba kama za bata, huku mkono umeshika kibanio juu. Mapacha walimtazama kwa muda wakiwa wamening'inia kwenye mlango wao. Mmoja akamuuliza, "We, unaweza kuleta viwili?" Akaleta viwili. Wakaleta vitatu. Mpaka mchana watoto watatu walikuwa wakigombea kopo, na bibi hana nguo hata moja ya kuanika.

Ndipo Ijumaa asubuhi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nyumba ya wageni ilipofungwa. Alitoa mashuka yote kabatini, machafu na masafi. Akaazima ya Mama Pacha.

"Yangu ni safi, bibi, nimeyafua juzi."

"Hukuyafua, uliyalowanisha. Lete."

Akaloweka, akasugua, akatia buluu. Mgongo ulimlilia lakini hakuusikiliza. Kufika saa nne ua ulikuwa mweupe. Alisimama katikati yake amefumba macho, mikono inanuka sabuni, na kwa dakika moja hakuwa bibi wa mtu yeyote. Alikuwa mama mwenye watoto wadogo, na wote walikuwa nyumbani.

Kisha akawaita watatu wale, akawaeleza sheria.

Walipoanza, ilikuwa kama mtu amefungulia redio ya zamani. Puta puta puta. "Ameligusa!" "Sijaligusa, ni upepo!" Mashuka yakivimba, vivuli vitatu vikipita nyuma yake, vikubwa, vidogo, vikubwa tena. Bibi Dobi alikaa kwenye kigoda akicheka peke yake, machozi yanamtoka.

Mafunzo yalimalizika mapema. Hakusikia viatu, kwa kelele zile. Alichoona ni binti yake amesimama getini, mkoba umemshuka mpaka kiwiko, na wakati huohuo Kifurushi anachomoka chini ya shuka la mwisho, ameinama mbio kama alivyoelekezwa, mguu unateleza kwenye saruji yenye maji, na goti linapiga chini. Pwaa.

Ua ukanyamaza. Hata mapacha walinyamaza.

Mtoto alikaa kitako. Akatazama goti. Damu ilikuwa inatokeza pole pole, vitone vitone. Midomo ikaanza kutetemeka. Halafu akainua shingo, akalitazama shuka lililokuwa juu yake, jeupe, linabembea.

"Sijaligusa!" akapiga kelele. "Bibi, sijaligusa!"

Na kabla mama yake hajamfikia, alikuwa ameshasimama, ameshapotea tena humo ndani.

"Nilikwambia nini?" Sauti ya binti ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha bibi. "Mama, nilikwambia nini?"

"Uliniambia asikimbie. Nikakwambia nimekusikia. Nilikusikia, ila sikufuata. Nilitaka nikwambie leo jioni."

"Ulitaka. Wewe hukukaa pale, mama. Siku zote zile, hukukaa pale kwenye kile kioo."

"Nilikaa. Nilikaa nyuma yako. Wewe ulikuwa unamwangalia mwanao, na mimi namwangalia wangu."

Binti aliingia kwenye mashuka kwa viatu vyake vya ofisini, akayasukuma kwa mikono yote miwili, akamtoa mtoto akiwa anapiga mateke. Akapiga magoti hapohapo kwenye maji, akamshika, akaweka sikio mgongoni. Alisikiliza. Bibi Dobi alimtazama usoni kama mtu anayetazama hakimu. Mtoto alikuwa anahema kwa nguvu, mdomo wazi, na katikati ya kuhema akasema, "Mama, umeyagusa yote. Unasuuza wewe."

Mapacha wakaangua kicheko. Mama Pacha akawakata jicho.

Binti hakucheka. Alikusanya kofia, sweta zote mbili, chupa ya maji. Akampachika mtoto kiunoni, akasema "Tutaonana, mama," akatoka. Bibi Dobi alisikia mtoto akilia njia nzima, "Nishushe! Mama, nishushe nitembee!" mpaka sauti ikamezwa na barabara.

Jumamosi alianua mashuka peke yake. Aliyakunja moja moja, pembe kwa pembe, ya Mama Pacha upande mmoja, yake upande mwingine. Mama Pacha alimletea chai, akaketi naye. Mapacha walipita mlangoni mara kadhaa wakichungulia kitanda. "Haji leo," bibi aliwaambia. Akajiambia na yeye: sikukuu si mbali. Lakini alifuta macho, akasingizia vumbi.

Jumapili jioni, akiwa anapulizia jiko, simu iliita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alisikia sahani zikigongana upande wa pili, na maji yakitiririka.

"Amelala," binti alisema. "Toka saa moja. Hakugeuka hata mara moja. Nimemwekea sikio, nikafikiri... Analala tu. Kama gogo. Jana alikula chakula chake akala na cha baba yake, kisha akakimbia kuzunguka meza mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio."

"Na goti?"

"Anamwonyesha kila mtu. Amemwonyesha mpaka muuza maziwa."

Bibi Dobi aliacha kupulizia jiko. Aliogopa kuvuta hata pumzi, asije akayaharibu maneno yale.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Hii suruali yake mpya, ile ya kahawia. Kwa hapo uani itachanika siku moja tu. Nimvalishe ipi kesho?"

Bibi Dobi alishika ukingo wa meza.

"Mvalishe iliyochakaa," alisema. "Na sweta moja. Moja tu."

"Moja," binti akasema. Halafu, kwa sauti ambayo bibi hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, sauti ya mtoto anayebishana nyuma ya shuka: "Na siku ile, mama, sikuyagusa yote. Lile la kona sikuligusa."