Mbovu za Jumamosi

"Moto inamaliza yote—"

"Moto haimalizi kitu—"

"Mama Ojok, ngoja nimalize kwanza—"

"Umalize nani? Watoto ya watu?"

Ogutu akacheka, maana kicheko ndiyo ngao aliyokuja nayo kutoka Siaya. Yeye ndiye mkaangaji kwenye kiwanda kidogo cha siagi ya njugu pale mtaani Namuwongo, mdomo wake kama cherehani. Lamwaka, mama Ojok, ni mchambuaji: anakaa na ungo, anatoa njugu mbovu. Mumewe ni mwanajeshi wa kambi ya Mbuya, alipelekwa Somalia na simu yake haishiki tena, wala pesa haziji. Siku hizi wenzake wakila mchana, yeye anakunywa maji, anasema amefunga kwa maombi.

Mfereji ulikuwa umefurika ukaingia stoo. Magunia yakalala kwenye maji machafu, na sasa njugu zimeota ukungu wa kijani kama ndevu.

Ogutu alisema zikikaangwa sana sumu itakufa; Lamwaka alitaka zote zichomwe ziwe majivu. Alimwonyesha Ogutu lile bango ukutani: sumu ya ukungu haisikii moto wa kukaangia, inatafuna ini polepole. Bango Ogutu analijua. Alilipigilia mwenyewe, kisha akamchorea daktari wa kwenye picha masharubu. Lakini mtu akibanwa hutafuta pa kuuma.

"Sema ukweli, nyabo. Unataka zitupwe ndiyo mbebe nyumbani, kama kawaida yenu."

Wachambuaji wengine wakaweka ungo chini. Mbovu ni haki ya wachambuaji tangu zamani. Kila Jumamosi wanazifunga kwenye kitenge, wanaenda kuzitwanga za mchuzi. Lamwaka alimtazama mpaka masihara yakamkaukia mdomoni.

"Mimi nasema zichomwe. Hata kwangu zisiingie."

Kelele zikamtoa bosi Byron ofisini. Hakugombana na mtu. Alisema shule zinafunguliwa na makopo yanangojwa; wakaange mpaka rangi ijifiche, waongeze sukari. Halafu akauliza kwa upole nani angependa kupumzika nyumbani moja kwa moja. Hakuna aliyependa.

Basi Ogutu akakaanga. Ushindi wake ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Na harufu ilikuwa tamu, hilo ndilo lilimuuma zaidi. Jioni makopo yakawa yamefungwa, kila moja na picha ya mtoto anacheka.

Ila ndoo moja aliificha, ya zile mbaya kabisa, zilizoshikana kama udongo. Akaibeba mpaka jikoni kwa nyuma, akamwita Lamwaka aje aone: angalau hizi haziendi kwa mtoto wa mtu. Njia nyingine ya kuomba msamaha hakuwa nayo. Akafungua mlango wa jiko, moto ukawamulika nyuso.

Lamwaka hakutabasamu.  Akafungua kitenge kiunoni, kile cha mbovu za Jumamosi, akakitandaza chini.

"Usichome, Ogutu," alisema. "Mimina hapa."