Faksi ya Wiebke

Barua pepe za Wiebke Harders ziligoma kutoka, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwaita wapangaji kwenye mkutano wa kupinga jengo lao lisiuzwe. Wasipoitwa leo, mkutano hautatambuliwa kisheria, na jengo hilo pale Bremen litauzwa wakiwa likizoni.

Volkmar, mwenyekiti wao, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilikwambia tuhamie kwa yale makampuni makubwa ya barua pepe. Ni bure, na barua zinafika."

"Bure? Wanakusomea barua zako kama magazeti ya kinyozi. Kaa chini, unanizibia mwanga."

Wiebke alikuwa mkaidi, na bila ukaidi huo seva yake ya Linux, kompyuta ya kukodi iliyobeba barua pepe za wapangaji, ingekuwa imezimwa zamani. Alizikagua kumbukumbu za seva. Mialiko yote ilikuwa kwenye foleni, kila mmoja umegonga mlango wa kutokea bila kujibiwa. Haikukataliwa huko iendako, haikutoka kabisa. Kwa upande wake kila kitu kilikuwa wazi. Basi aliyefunga ni kampuni iliyomkodisha seva. Akapiga simu.

"Mlango huo wa kutolea barua tumewafungia wateja wote, bibi, kwa sababu ya matapeli," mtu wa huduma alimjibu. "Tuandikie barua pepe kwa anwani uliyojisajili nayo, tutakufungulia."

"Anwani hiyo iko kwenye seva hiyohiyo mliyoiziba mdomo."

"Ndio utaratibu, bibi."

"Na faksi je, imo kwenye utaratibu?"

Akasikia karatasi zikipekuliwa. "Imo."

"Faksi!" Volkmar alicheka. "Nani bado ana faksi?"

"Daktari wa meno hapo chini. Nipishe."

Alishuka ngazi kwa hasira, na kwa hofu pia, ingawa hofu asingeikiri. Akatuma ombi lenye saini na nakala ya kitambulisho. Alasiri mlango ukafunguliwa. Foleni ikaanza kupungua, na majibu ya wapangaji yakaanza kuingia. Wiebke alitaka kulia, akajikaza.

"Mimi sijapata," Volkmar alisema, akimwonyesha simu yenye anwani yake ya kampuni mojawapo kubwa. "Unaona?"

"Tazama kwenye pipa la taka la barua pepe."

Akatazama. Mwaliko ulikuwa humo, katikati ya matangazo ya dawa za kuotesha nywele.

"Hao wakubwa wako wameitupa nyumba yako jalalani," Wiebke alisema. "Vuta kiti nikufungulie anwani kwetu."

Volkmar akavuta kiti.