Saa ya Kamera

Bernadine alifukuzwa dukani kwa udanganyifu. Kwenye karatasi ya friji za nyama aliandika kwamba Jumapili ile alikagua baridi saa mbili na robo asubuhi. Meneja wake, Kessler, akashikilia kuwa kamera ya muda huo haionyeshi mtu. Na ukifukuzwa kwa kudanganya kazini, malipo ya wasio na kazi utayasikia kwa wenzio. Idara ya serikali inayoyatoa ikamnyima. Akakata rufaa.

Rufaa hizi husikilizwa kwa simu, basi siku yenyewe nusu ya mtaa wetu hapa Toledo tulihamia jikoni kwake. Mimi nilibeba bakuli la makaroni ya jibini. Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti juu.

Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, akauliza mle chumbani kuna nani. Sote tukamkonyeza Bernadine aseme yuko peke yake.

"Watu kumi na mmoja, mheshimiwa. Majirani. Na wanakula."

Nikajua tumekwisha. Jaji akasema wanaruhusiwa kusikiliza. "Ila watafune polepole."

Kessler, naye kwenye simu, akaanza kwa mbwembwe. Video kaitazama mara nne: saa mbili na robo, hakuna mtu kwenye friji. Bernadine alipita saa moja na robo, kisha akaandika uongo.

Bernadine alikuwa ameonyeshwa video hiyo mara moja tu, siku ya kufukuzwa, lakini macho anayo. Akaomba kuuliza.

"Hapo ninapopita, bwana Kessler, nyuma yangu kuna nani?"

Tukamsikia akibofyabofya kompyuta. Wateja, akasema. Wawili, na toroli lao.

"Na milango tunafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa hao, baba, uliwapitisha dirishani?"

Nikang'ata kitambaa cha meza nisicheke. Jaji akauliza tarehe. Kessler akaitaja huku sauti ikimwishia: ile Jumapili ya Machi ambayo kila mwaka, karibu nchi nzima, tunaamka saa zimesogezwa mbele kwa saa moja kisheria. Ya ukutani aliisogeza. Ya kamera hakuigusa, ikabaki nyuma saa moja.

Barua ilifika Jumanne: udanganyifu haukuthibitika, alipwe tangu wiki ya kwanza. Jikoni kukajaa tena, safari hii tukitafuna tutakavyo. Bernadine akaibandika barua kwenye friji yake, na pembeni, kwa mazoea, akaandika saa aliyoipokea.