Kulabu Mpya ya Tela

Mwaka 1956, Kibwana wa Bigwa alikuwa akipeleka kabichi Turiani kwa pikapu yenye tela. Taa za tela hazikuwaka, hivyo jioni wakirudi, mkewe Mwanaheri alikuwa akipanda kwenye tela na kushika kandili ili magari ya nyuma yawaone.

Siku moja tela ikachomoka kwenye kulabu, ikaingia mtaroni na Mwanaheri ndani. Hakuumia, lakini Kibwana alimkimbilia na kumtoa mtaroni. Kesho yake akafunga kulabu nene, akavuta nyaya mpya na kuweka plagi. Alipowasha, taa za tela zikawaka.

"Sasa mimi nitafanya kazi gani?" Mwanaheri akauliza.

"Njoo ukae mbele, mke wangu. Nimechoka kuongea na usukani."

Safari hiyo Kibwana aliendesha polepole makusudi.