Ampli ya Nyumba ya Kilio

Bibiane alisimama katikati ya duka akiwa amevaa kaske, vile vikombe viwili vya kufunika masikio, na waya wake ulining'inia hadi magotini bila kuchomekwa popote. Uso aliuelekeza mlangoni, kwenye barabara ya Nyawera, ambako wachuuzi waligombania kivuli na watoto waliouza karanga walizungukazunguka wakipaza sauti. Akavua kaske ile, akavaa nyingine, akatazama nje tena. Mimi, mume wake, nilikuwa nimeinama juu ya meza ya mwenye duka, sikio langu karibu na ampli, mashine ya kukuza sauti, nikijiona bingwa.

"Maman Nsi..." Papa Léopold, mwenye duka, alianza, kisha akaumeza ulimi wake. "Mama, kaske inajaribiwaka na muziki. Lete huo waya niuchomeke kwa ampli."

"Niache kwanza," Bibiane alisema.

Tangu asubuhi sikuwa nimeisikia sauti yake.

Papa Léopold hakukosa adabu. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, na mtoto wetu Nsimire hakuwepo tena. Surua ilipita mtaani mwishoni mwa kiangazi, ikaingia nyumba nyingi na kutoka. Kwetu iliondoka naye. Alikuwa na miaka saba, na hatukuwa na mwingine. Tangu siku ile watu hawakujua wamwite mke wangu nani, basi wengi waliacha kumwita kabisa.

Mama yangu, Maman Emérence, alihamia kwetu kusimamia kilio, na amri yake ya kwanza ilihusu muziki. Mpaka siku ya kuondoa kilio, hakuna redio, hakuna santuri, hata kupiga mluzi marufuku. Nilikubali, maana ndiyo desturi, na isitoshe moyo wenyewe haukutaka ngoma. Lakini Bibiane aliacha na kusema pia. Aliacha kazi yake ya kupiga taipu kwenye ofisi ya parokia, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha la nyuma, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Nikimuuliza kitu, alijibu kwa kichwa.

"Modeste," mama aliniambia siku moja, tukiwa wawili jikoni, "huyu mutoto ya watu atakufia hapa. Umurudishe kwabo Luvungi, apumuzike. Lori inashukaka kule kutafuta muchele kila Jumamosi. Mi nitamufungia kikapu."

Kupumzika. Neno hilo nililifahamu vizuri. Nimewaona wanawake waliokwenda kwao kupumzika baada ya msiba, na waume zao wakabaki wakijipikia mpaka wakazoea. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimemzika mtoto, na sasa mama yake alikuwa anaondoka taratibu, akiwa bado ameketi ndani ya nyumba yangu. Akipanda lori lile, nilijua, hatarudi.

Mimi nilifundisha jiografia, lakini jambo nililojidai nalo mjini ni masikio. Rafiki zangu waliniita Papa Stéréo kwa kunitania, nami nilijifanya sipendi. Bibiane nilimpata kwa santuri. Enzi za uchumba alikuja na dada yake Jumapili mchana, dada akipewa soda na kiti, sisi tukicheza rumba pale sebuleni mpaka mbao za sakafu zikalalamika. Basi nikafikiri hivi: muziki ndio uliomleta, muziki ndio utakaomzuia. Kwa kaske ungemfikia yeye peke yake bila kuvunja kilio. Shida ni kwamba gramafoni yetu ilikuwa na sauti yake ndani ya sanduku lake, wala haikuwa na nguvu wala tundu la kaske. Ilihitaji ampli, na ampli ya kweli.

"Kama inje haisikike," mama alisema nilipomwomba ruhusa, "mi sijaona kitu."

Ndiyo sababu tulikuwa Nyawera. Papa Léopold aliweka mezani ampli tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kuchezeshea baa nzima. Ya pili ilikuwa ndogo, ya betri, sauti yake kama mbu ndani ya kopo. Ya tatu ilikuwa ya kadiri: sanduku la mbao, kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha, tundu la kaske mbele. Mfuko wetu ulielekea kwenye hii ya tatu, lakini nilitaka masikio yangu ndiyo yaamue, si mfuko.

Nilijua jinsi ya kupima. Ampli haipimwi kwa muziki, kwa sababu muziki huficha aibu zake. Unafungua sauti yote bila santuri, unasikiliza. Umeme wetu wa Bukavu ulipanda na kushuka kama homa, na ampli mbaya hunguruma kila unaposhuka. Ile kubwa ilinguruma kama tumbo la mwenye njaa. Ile ya kadiri ilinyamaza mpaka nikadhani Papa Léopold amesahau kuiwasha.

"Hii," nikasema, nikageuka kumwonyesha Bibiane.

Alikuwa amevaa kaske nyeusi, nzito, yenye vikombe vya ngozi vilivyomeza masikio yote. Bado haikuchomekwa popote.

"Unisemeshe kitu," aliniambia.

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote."

Papa Léopold alikuwa amegeuka kufunga ampli kwenye katoni. Nikamtazama mke wangu machoni, nikasema polepole, kwa sauti ambayo nisingeithubutu nyumbani, "Bibiane, usiende Luvungi."

Hakutikisika. Aliendelea kunitazama, mpaka nikadhani atalia. Kisha akavua.

"Ni hii," akasema. "Sikusikia kitu."

"Eh, Mwalimu," Papa Léopold alicheka, "bibi amechagua ile yenye haitakusikia."

Nilicheka pia, kwa kuwa ndivyo mwanamume anavyofanya dukani. Njiani nilibeba ampli, yeye akabeba kaske kifuani, nami nikajiambia kwamba amechagua vizuri: vikombe vilivyofunika namna ile hushika besi bila kuivujisha.

Siku zilizofuata niliona matunda ya kazi yangu, au nilidhani ninayaona. Kila jioni niliweka santuri, nikamchomekea, nikakaa kando nikisahihisha madaftari. Hakucheza wala hakutikisa mguu. Lakini alivaa, na kila niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi dirishani, kaske kichwani, macho yametulia. Nilimwambia mama akifungue kile kikapu. Mama hakukifungua. Alikiacha mlangoni pa chumba chake, kikiwa tayari kimefungwa kamba.

Siku moja wanafunzi wangu walichukuliwa kwenda kujifunza nyimbo na ngoma za kumpokea mgeni wa Chama, kama ilivyokuwa miaka ile ya Zaïre, nasi walimu tukarudi nyumbani kabla ya saa nne. Nilikuta mama ameketi gizani jikoni. Umeme umekatika tangu alfajiri, alisema.

Bibiane alikuwa dirishani, kaske masikioni.

Taa nyekundu ya ampli ilikuwa imezimika. Santuri ilikuwa juu ya gramafoni, ile ile niliyoiacha jana jioni, sindano imekwama katikati. Nikafikiri umeme umekatika sasa hivi, hajatambua. Nikakumbuka alichosema mama. Nikasimama pale mlangoni, na ndipo kengele ikalia.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shule ya msingi, na kati yetu nayo kulikuwa na ua wa miti tu. Ndiko Nsimire alikosoma. Darasani mwake walikuwa Nsimire wawili, na watoto, kwa akili yao, waliwagawa: yule mrefu akawa Nsimire mukubwa, wetu akawa Nsimire mudogo. Alirudi nyumbani siku ile amekasirika, akadai apimwe urefu upya. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni jinsi saa ya mapumziko inavyosikika kutoka kwenye kiti kile, kwa sababu saa hiyo kila siku mimi nilikuwa kazini.

Walitoka kwa kelele, wote kwa pamoja. Vicheko, mpira, mtu analia, mtu anamsemea mwenzake kwa mwalimu. Sauti iliingia dirishani kama watoto wenyewe wamo chumbani. Bibiane alikaza vikombe kwa viganja viwili na kufumba macho.

Nikaelewa nilichomnunulia. Mimi nilitafuta ampli inayonyamaza. Yeye alitafuta kimya chenyewe.

Nikavuta kigoda, nikaketi kando yake. Alifumbua macho. Hakuona aibu, wala hakujieleza. Alinitazama kidogo, kisha akashika kikombe cha upande wangu na kukigeuza, mdomo wa kikombe ukaelekea nje. Nikasogea nikaweka sikio langu pale. Vichwa vyetu vikagusana. Ndani ya kikombe hapakuwa na kitu, ila mvumo wa damu yangu mwenyewe. Na sikio lake la upande huo sasa lilikuwa wazi.

"Usiende Luvungi," nikasema.

"Ulisemaka tayari," alijibu. "Kule kwa Papa Léopold. Niliona midomo."

Hapo ndipo sauti ya msichana ikapaa juu ya nyingine zote, karibu kabisa na ua:

"Nsimire mukubwa! Leta mupira! Nsimire mukubwa!"

Nilimsikia Bibiane akizuia pumzi. Mkono wangu ulitaka kumrudishia kikombe sikioni, lakini alinishika, akanizuia. Wakaita tena. Darasani alibaki Nsimire mmoja tu, asiyehitaji tena jina la kumtofautisha, na watoto wale wote walikuwa wamekuja kwenye kilio, wamepita mbele ya jeneza kwa mstari. Walijua.

"Bado wanamuita mukubwa," Bibiane alisema.

"Eh," nikasema. "Bado."

Machozi yake yaliteremka kwenye shavu langu, kwa jinsi tulivyokuwa karibu. Tulikaa hivyo mpaka kengele ilipolia na watoto wakaingia.

Jumamosi lori la Luvungi lilishuka bila yeye, na mama akafungua kikapu mwenyewe, bila kuuliza. Kaske aliendelea kuivaa miezi mingi, hata baada ya kuondoa kilio, maana uchungu wake haukuisha siku ile. Lakini ilipofika saa ya mapumziko, alikigeuza kikombe kimoja nje.