Kanda Iliyokataa Kunakiliwa

Mwishoni mwa mwaka 1998, miezi miwili baada ya kumzika mama yake, Marta alifunga kanda ya video kwenye kitenge, akatoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kwa baiskeli hadi Mpanda mjini.

Kanda hiyo walikuwa wameletewa na wazungu waliowahi kuja kupiga filamu kuhusu wakimbizi. Ndani yake, kwa dakika tatu hivi, mama yao, Josephina, anaonekana akifunga tumbaku huku anaongea Kirundi. Picha nyingine yake hakuna, hata ya kitambulisho. Mdogo wake Marta, Pacifique, aliyekuwa kibaruani Kigoma, hakuwahi mazishi kwa sababu treni ilikwama njiani. Aliandika barua akiomba kitu kimoja tu: nakala ya kanda ya mama.

Makarius, fundi wa shirika moja pale mjini, alikuwa na kompyuta mpya iliyoweza kuingiza video. Akaunganisha deki, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi ya Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Inasema kanda imefungwa isinakiliwe, dada. Walioitengeneza wameizuia."

"Wamemzuia nani? Huyo si mama yangu?"

Makarius alikuna kichwa. "Mama ni wako. Ila filamu ni yao."

Akajaribu kunakili kutoka deki moja kwenda nyingine. Nakala ikatoka, lakini uso wa mama ulififia hadi giza, ukawaka mweupe, ukarudi gizani. Marta akamwomba azime.

Makarius aliwaandikia wenye filamu huko Ulaya. Jibu lilifika baada ya miezi minne. Walitoa pole, wakasema haki za filamu sasa ziko kwa kampuni nyingine, hivyo wavute subira.

Pacifique hakuvuta subira. Pasaka ilipofika alikuja mwenyewe, wakaenda wote kwa Makarius, wakakaa kwenye benchi. Filamu ikaanza: barabara ya vumbi, watoto wanakimbia, mashamba. Kabla mama hajatokea, deki ikakoroma. Makarius aliichomoa kanda polepole, lakini utepe ulikuwa umeshaliwa, ukatoka vipande vipande.

"Nisamehe, kaka."

Pacifique alikuwa bado anaangalia kioo.

Njiani ndipo alipouliza, "Alikuwa anasema nini?"

Kwenye filamu sauti ya mzungu mtafsiri ilikuwa imefunika ya mama. Lakini siku ile ya kupiga filamu Marta alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, mtoto mgongoni, akasikia yote.

"Alisema tumbaku imeungua na jua. Halafu akasema ana mtoto Kigoma, hajui kama anakula."

"Alinitaja jina?"

"Mara mbili."

Pacifique alikaa chini kando ya barabara, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipotulia akauliza, "Alivaa nini siku hiyo?"

Marta alifikiri sana. Kanda ilikuwa imechezwa mara nyingi mno, rangi zote zilishachuja.

"Sikumbuki, mdogo wangu," alisema, akamshika mkono kumwinua.